Televisheni ya inchi 55 kwenye vitrini inayotazama magharibi: asubuhi haionekani, alasiri inatoka doa jeusi

butike_ya_vikwembe

Wandugu, nawasalimu wote. Butike iko katikati ya Lubumbashi, inauza vikwembe (vitenge) na viatu vya kike. Vitrini ina upana wa mita 3.60 na kimo cha mita 2.40, kioo kimoja cha milimita 8, inatazama magharibi. Mbele kuna njia ya waenda kwa miguu ya mita 3, halafu barabara, na ng'ambo kuna nyumba isiyo na ghorofa yenye ukuta mweupe. Nyuma ya kioo tumesimamisha televisheni ya kawaida ya nyumbani, inchi 55, wima, sentimita 2 kutoka kwenye kioo. Kioo kimebandikwa fime (plastiki nyembamba ya kupunguza jua) kote.

Shida ni hizi. Asubuhi nzima mtu akisimama nje anajiona yeye mwenyewe na ukuta wa ng'ambo, picha haionekani. Kuanzia saa 15 linatoka doa jeusi sehemu ya juu, linakua, na jioni linaondoka lenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, televisheni inarudi kwenye menyu yake, inakaa hapo mpaka mtu achukue rimoti.

Je, ninunue ekrani nyingine, ama kuna namna ya kuokoa hii? Na kama ni kununua, ya aina gani?

fundi_vitrini

Dada, una maadui wawili tofauti na wanapokezana zamu. Ukiwachanganya utatupa pesa.

Wa asubuhi ni ule ukuta mweupe. Vitrini yako inatazama magharibi, kwa hiyo ukuta wa ng'ambo unatazama mashariki: jua la asubuhi linaupiga wote, na kioo chako kinaurudisha machoni pa mpita njia. Ukuta mweupe unaopokea lux 60,000 unang'aa karibu niti 13,000 (niti ni kipimo cha mwangaza unaofika machoni kutoka kwenye kitu). Kioo safi kinarudisha karibu asilimia 8, yaani niti 1,000 na zaidi kidogo. Televisheni ya nyumbani inatoa niti 250 hadi 350. Ukuta unakushinda mara tatu, mara nne, na hiyo ni kabla ya kuhesabu fime. Fime inayopitisha nusu ya mwanga inakata mwanga wa ekrani nusu, lakini ukuta unaorudishwa na uso wa nje wa kioo haupungui. Kwa hiyo leo mteja anaona niti 150 dhidi ya elfu moja. Kata fime pale mbele ya ekrani, mstatili wa ukubwa wa ekrani yenyewe, leo hii. Wembe na maji ya sabuni, dakika ishirini.

Wa alasiri ni jua lenyewe, linaingia moja kwa moja na kuchemsha ekrani. Lile doa jeusi si doa la kuungua, bado. Ndani ya ekrani ya LCD kuna kimiminika ambacho chembe zake hujipanga ili kuziba au kupitisha mwanga. Joto likivuka kiasi fulani, nyuzi 70 hivi kwa ekrani nyingi za nyumbani, chembe zinapoteza mpangilio na sehemu hiyo haipitishi mwanga tena. Ikipoa inarudi. Lakini kila siku ikirudia hivyo, karatasi za plastiki zilizo nyuma ya kioo cha ekrani zinajikunja na kugeuka njano, na siku moja doa halitaondoka. Linaanza juu kwa sababu hewa ya moto inapanda, na sentimita 2 hazitoshi hewa kupita. Iache sentimita 10 mbele, sentimita 5 au zaidi nyuma, na juu pabaki wazi kabisa: kusiwe na ubao wala pambo.

Jaribio la bure kabla ya kununua chochote: tandika kitambaa cheusi nyuma ya kioo pale pale ilipo ekrani, baada ya kutoa fime. Saa 9 asubuhi vuka barabara, utazame. Rudia saa 12 mchana na saa 16. Chochote unachokiona juu ya ule weusi, iwe ukuta, teksi au miguu ya watu, ndicho mwanga ambao ekrani italazimika kuushinda. Ukiweza kusoma maandishi ya duka la ng'ambo ndani ya kitambaa, usipoteze muda na televisheni yoyote ya nyumbani, hata iwe mpya namna gani.

moto_wa_snel

Nijibu lile la umeme, maana fundi amemaliza la jua.

Televisheni nyingi za nyumbani zina menyu iliyofichwa ya hoteli. Ukiifungua unaichagulia mlango wa kuwakia (HDMI 1, kwa mfano), sauti isiyopita kiwango, na kuwaka yenyewe umeme unaporudi. Namna ya kuifungua inatofautiana kwa kila aina, itafute kwa namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Kama haipo, weka kisanduku cha Android au Raspberry Pi (kompyuta ndogo) kwenye HDMI na uwashe HDMI-CEC pande zote mbili: kisanduku kikiwaka kinaiamsha televisheni na kuichagulia mlango. Kwenye Pi usitumie chaja ya simu. Pi 4 inataka 5 V na ampea 3 kamili, ikipata pungufu inajizima katikati ya kuandika na kadi yake ya kumbukumbu inaharibika. Wengi wanalaumu kadi, kumbe ni chaja.

Ekrani za kibiashara hazina shida hiyo, zimetengenezwa zijiwashe na kuanza kucheza faili zilizo ndani bila mtu.

Sasa delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Kinachoua ekrani ni dakika za kwanza baada ya umeme wa SNEL (shirika la umeme) kurudi, wakati friji na kongelateri zote za mtaa zinaanza pamoja na volti zinapanda na kushuka. Weka stabilizateri yenye kuchelewa, ile inayongoja dakika 3 hadi 5 kabla ya kupitisha umeme. Kwa ekrani moja, ya VA 1,000 inatosha. Usiiunganishe na friji ya vinywaji kwenye tundu moja.

Kuhusu betri, hesabu kabla ya kuahidiwa na muuzaji. Betri ya gel ya 12 V na Ah 200 inabeba kWh 2.4 kwenye karatasi, lakini ukiitumia chini ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo una kWh 1.2. Inveta inakula sehemu yake, tuseme asilimia 15. Televisheni ya wati 130 itakaa saa 7 na nusu au zaidi kidogo. Ekrani yenye mwanga mkali ya wati 300 itakaa saa 3 na dakika chache. Ndiyo maana mtu asikuuzie ekrani bila kukwambia inakula wati ngapi mwanga ukiwa juu kabisa. Namba ya wastani iliyoandikwa kwenye boksi haikusaidii.

yaya_matangazo

Mnazungumza vyuma, hakuna aliyeuliza ni nani atakayeisoma ekrani. Naomba nilirudishe hapo, kwa sababu hilo ndilo linaloamua ukubwa na aina.

Anayetembea anaenda karibu mita 1.3 kwa sekunde. Vitrini ya mita 3.60 anaipita kwa sekunde 3 hivi, akianza kuiona kutoka mbali kidogo, tuseme sekunde 6. Video ya dakika moja yenye hadithi haimhusu. Kila picha ikae sekunde 6 hadi 8, ziwe nne au tano tu kwenye mzunguko, na kila moja ijitegemee: bidhaa moja, bei moja. Mwendo uwe kidogo mwanzoni ili jicho ligeuke, kisha picha itulie. Maandishi yanayokimbia kutoka kushoto kwenda kulia yanapendwa na wenye maduka, wateja hawayasomi.

Urefu wa herufi: sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali kama unataka zisomwe bila jitihada. Mtu aliye kwenye njia, mita 3 kutoka kwenye kioo, anatosheka na sentimita 2.5. Aliye ng'ambo, mita 12 au zaidi, anataka sentimita 10. Inchi 55 ikiwa wima ina upana wa sentimita 68. Herufi kubwa za sentimita 10 zinaingia kumi au kumi na moja kwenye mstari. "VIATU 15 $" inaingia. "PROMOTION YA MWISHO WA MWEZI" haiingii, hata ukiomba. Kwenye picha ya pikseli 1080 kwa 1920, sentimita 10 ni pikseli 160 za kimo, na kwa sababu herufi kubwa inachukua karibu asilimia 70 ya saizi ya fonti, weka fonti ya 225 au zaidi.

Bei ziandike kwenye safu yake, mbali na picha, ili kubadilisha dola au franga kusikulazimishe kutengeneza picha upya. Na vikwembe msivipige picha kwa flashi: rangi ya nta inang'aa na kwenye ekrani inaonekana kama plastiki. Kitundike mlangoni kwenye kivuli, piga kutoka mbele, jaza ekrani yote na maua ya kitambaa. Kwa vikwembe hiyo peke yake inatosha, mtu anajua anachotazama.

Faili: MP4 ya H.264, fremu 30 kwa sekunde, megabiti 8 kwa sekunde. Picha tano za sekunde 8 zinafanya megabaiti 40. Ziwekwe ndani ya kisanduku au kwenye ufunguo wa USB. Msizivute kutoka kwenye intaneti kila mara: video ya megabiti 5 kwa sekunde ikicheza saa 10 inameza gigabaiti 22 na nusu kwa siku, na mega zetu mnajua bei yake. Kama mnataka kubadilisha picha mkiwa nyumbani, programu ya Xibo hupakua faili mara moja kisha hucheza hata mtandao ukikatika. Anthias nayo hucheza faili zilizo ndani, ni ya bure na imetengenezwa kwa Raspberry Pi, ila yenyewe huongozwa kutoka kwenye mtandao wa dukani.

butike_ya_vikwembe

Asanteni sana. Fime imekatwa. Kitambaa cheusi: saa 9 ukuta wa ng'ambo unaonekana wazi, hata dirisha lake. Saa 12 ni afadhali. Saa 16 hakuna picha ya ukuta lakini jua linapiga kitambaa chenyewe na kinaonekana kijivu. Yaya, wateja wetu wengi wanapita kwa miguu upande wetu, ila wa magari na mabasi nao nawataka.

Kuna anayeniambia nitoe televisheni niweke vibao vya LED vya P5. Mwingine anasema ninunue ekrani ya vitrini ya niti 2,500. Nichague nini?

fundi_vitrini

Ekrani ya vitrini ya niti 2,500 hadi 3,000 itashinda ukuta wako wa asubuhi bila shida. Alasiri pia itasimama, kwa sababu LCD za aina hiyo zinatengenezwa kwa kimiminika kinachovumilia nyuzi 110 hivi. Picha ya kikwembe itaonekana kama kikwembe, hata kwa mtu aliyeegemea kioo. Huo ndio uzuri wake. Ubaya ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya televisheni, na feni. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa vumbi jekundu linaingia kila mahali. Aina nyingi zina feni na kichujio, kichujio kisiposafishwa kila wiki mbili ekrani inajipunguzia mwanga yenyewe kwa joto, na mwenye duka anasema amepigwa. Jambo lingine: iwe na jicho la kupima mwanga, ama ipangiwe saa. Niti 2,500 saa 19 zinaumiza macho na kula umeme bure. Giza likiingia, 400 zinatosha. Na mkishusha mlango wa chuma usiku ekrani ijizime, joto lisibaki limefungwa kati ya chuma na kioo.

P5 ni hadithi nyingine, mwachie anayezijenga.

p10_kenya

Niko hapa, mukubwa.

P5 maana yake ni milimita 5 kati ya nukta na nukta. Kanuni ya haraka: milimita moja, mita moja ya kusimama mbali. Mtu aliye mita 3 kutoka kwenye kioo ataona nukta na si kiatu. P5 ni ya wale wa magari. Kwa watembea kwa miguu ni P2.5, au P3 kwa wenye kubana pesa. Lakini angalieni: P2.5 nyingi sokoni ni za ndani, niti 600 hadi 1,000, na mmesikia hesabu ya ukuta. Ombeni muuzaji aandike niti kwenye fakturi. P5 ya nje inatoa 4,500 au zaidi, hata ikifungwa ndani nyuma ya kioo.

Mfano wa ukubwa unaokufaa dada: moduli (vibao vidogo vinavyounganishwa) za nje za P5 ni milimita 320 kwa 160, kila moja pikseli 64 kwa 32. Tatu kwa upana na nane kwa kimo ni moduli 24: sentimita 96 kwa 128, pikseli 192 kwa 256. Herufi ya sentimita 10 inapata nukta 20 za kimo, safi kabisa. Picha ya kiatu ndani ya pikseli 192 ni ya kubahatisha, ya kikwembe chenye maua madogo haifai.

Umeme wake: hesabu ampea 6 za 5 V kwa moduli ikiwa nyeupe tupu. Kigeuzi cha 5 V (kinachoshusha umeme wa ukutani) na ampea 40 usikipakie zaidi ya asilimia 80, yaani ampea 32, moduli 5. Kwa hiyo vigeuzi 5. Jumla inafika karibu wati 850 kwenye weupe kamili, na theluthi moja tu kwa picha za kawaida. Epukeni mandhari meupe, tumieni nyeusi au rangi nzito: mnaokoa umeme na herufi zinasomeka vizuri zaidi.

Makosa ninayoyaona kwenye kazi za watu, P5 na zile P10 nyekundu za kukimbiza maandishi:

Moduli za mwisho zimefifia au zinaenda wekundu. Volti zimeanguka njiani. Pima kwenye moduli ya mwisho picha ikiwa nyeupe: chini ya 4.6 V ni kosa. Usifululize umeme kutoka moduli hadi moduli. Kila mbili zipate waya wao kutoka kwenye kigeuzi, milimita mraba 2.5, mfupi iwezekanavyo.

Nukta zinacheza ovyo. Hasi za vigeuzi na ya kadi ya kuongoza hazijaunganishwa pamoja. Ziunganishe, kisha ndipo ubadilishe waya bapa.

Picha inajirudia au imekatwa vipande. Kadi imepangiwa namna isiyo ya moduli hizo. Moduli mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana, kwa hiyo nunueni za kundi moja pamoja na akiba ya mbili au tatu. Mwaka mmoja baadaye hamtapata zenye rangi ile ile.

Wateja wakipiga video wanaona mistari myeusi. Hiyo ni kasi ndogo ya kuburudisha picha. Ombeni hertzi 1,920 au zaidi, 3,840 kama pesa ipo.

Na fremu ya chuma iende ardhini. Si kwenye bomba la maji: fimbo ya ardhi.

moto_wa_snel

Naongezea: vigeuzi vitano vikiwaka pamoja vinavuta mkupuo mkubwa mwanzoni, disjonkta (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 6 itaruka kila mara SNEL ikirudi. Weka ya 16, curve C (aina inayovumilia mkupuo mfupi), peke yake, na waya unaolingana nayo.

yaya_matangazo

Mimi nisingenunua P5 kwa duka hili. Wateja ni wa miguu, bidhaa ni maua ya kitambaa. Mwenye basi haoni kikwembe, anaona mwanga. Kama pesa ya ekrani ya niti 2,500 haijapatikana, televisheni ile ile itolewe kwenye kioo na ifungwe ndani, itazame mlango ulio wazi. Mlango hauna kioo, ukuta wa ng'ambo hauna pa kujirudisha. Isimame mita 2 au 3 ndani ya kivuli, katikati yake sentimita 150 kutoka sakafuni, igeuzwe kidogo kuelekea upande watu wengi wanakotoka. Kwenye kiangazi jua linazama karibu saa 18, na wanaotoka kazini wanapita wakati huo: hapo niti 300 zinatosha hata kwenye vitrini.

butike_ya_vikwembe

Hilo la mlango naweza kulifanya kesho. Na turubai la mbele la mita 1.20 halitasaidia jua la alasiri? Halafu, nikija kuweka LED nje juu ya mlango badala ya ndani?

fundi_vitrini

Turubai litasaidia hadi saa 15 hivi. Mwezi wa sita, saa 16, kivuli chake kinashuka karibu sentimita 60 tu kutoka lilipofungwa, chini yote ni jua. Lishonee pindo la kuning'inia mbele, sentimita 40, utapata karibu saa moja zaidi.

p10_kenya

Nje, kwanza pita komini (ofisi ya serikali ya mtaa) uulize kodi ya matangazo ya kitu kinachotokeza barabarani, kabla ya kutoboa ukuta. Pili, moduli nyingi za nje zinazuia maji kwa mbele, mgongo ni dhaifu zaidi: kabati lifungwe nyuma na liwe na matundu ya hewa yanayotazama chini. Nyaya zishuke kwanza chini ya tundu la kuingilia, zifanye tumbo, kisha zipande kuingia, ili mvua ya mwezi wa kumi na mbili idondokee kwenye lile tumbo na isifuate waya mpaka ndani. Silikoni weka juu na pande. Chini usizibe, maji yakiingia yawe na pa kutokea.